Kadi ya Sabuni

Jumatatu, 23 Septemba. Bethesda. Manyunyu, upepo wa kusini-magharibi.

Dakta Haworth ametuambia leo chuoni Bangor kwamba mwanajiolojia asiye na daftari ni mtalii tu. Kila ukurasa uanze na tarehe, mahali na hali ya hewa, halafu mtu aandike anachokiona, si anachodhani. Nimenunua daftari mbili. Moja ni ya mawe. Hii ni ya mambo mengine, na humu nitaandika na ninayodhani, maana hakuna atakayenisahihisha.

Ninachokiona: darasa la watu arobaini, na mimi nina miaka hamsini na sita. Mlangoni kijana mmoja aliniuliza kwa adabu kama nimemleta mwanangu. Nikamjibu kwamba mwanangu Iestyn yuko Cardiff, ana kipara na gari la kampuni. Kijana aliona haya hadi masikio yakawa mekundu. Jirani yangu wa kiti ni msichana anaitwa Keziah, wa Lowestoft. Alikula krispi za viazi muda wote wa mhadhara, akaazima penseli yangu, akaondoka nayo.

Ninachodhani: nimepata wazimu. Miaka ishirini na saba nimewapakulia watoto wa shule chakula, kisha nikaacha kazi ili nijifunze majina ya mawe. Islwyn, mume wangu, alifanya kazi machimboni miaka thelathini na mmoja, na kila alipokuta jiwe lisilo la kawaida alilitia mfukoni akaniletea. Yamejaa kwenye dirisha la jikoni. Yeye hakujua yanaitwaje, wala mimi. Alifariki Machi ya mwaka jana, nami nikabaki nayo. Ndiyo sababu, ingawa kwenye fomu niliandika sababu nyingine ndefu zaidi.

Alhamisi, 26 Septemba. Bangor. Mvua.

Siku ya wanafunzi wapya. Bendi, pitsa za bure, vijana wa benki wamevaa fulana za rangi moja. Niliitwa kwa mshauri wa fedha, binti mpole mwenye miwani. Akasema kila mwanafunzi lazima awe na njia ya kupata hela za haraka dharura ikitokea: ama ovadrafti ya wanafunzi, ama kadi ya mkopo.

"Na ukipata dharura, Bi Eluned, utampigia nani kwanza?"

"Mwanangu."

"Asipopokea?"

"Nitampigia tena."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sikuona ni nini.

Jumapili, 29 Septemba. Mvua, ukungu hadi katikati ya mlima.

Iestyn hakupiga.

Jumatano, 2 Oktoba. Mawingu, kukavu.

Nerys wa mlango wa pili amekuja kunywa chai na kunifundisha uchumi. Alikaa kaunta ya posta miaka thelathini, na madeni ya bonde hili lote anayajua, ingawa anaapa hajawahi kumtaja mtu.

"Ovadrafti," akasema, "ni benki kukuruhusu utoe hela ambazo hukuweka. Kwa wanafunzi hawatozi riba. Unaona raha. Miaka mitatu ikiisha wanakuja kuzidai, na wewe ulishasahau kwamba hazikuwa zako."

"Na kadi?"

"Kadi unanunulia kitu leo, mwisho wa mwezi unalipa chote, hawakutozi hata senti. Ukilipa nusu ndiyo wanakukamua. Na usiiweke kwenye mashine ya kutoa pesa taslimu hata siku moja, hapo wanakula tangu dakika ya kwanza. Lakini ukinunua jiko likawa bovu na duka likafa, kadi inakurudishia hela yako. Ovadrafti haikurudishii kitu. Chukua kadi."

"Nerys, wewe una kadi?"

"Mimi? Nina kopo la biskuti."

Nimeamua kuomba kadi. Si kwa ajili ya majiko. Paa linavuja juu ya ngazi na gari tuliliuza, na sitaki siku moja nisimame mahali nikiwa nimekwama bila mtu wa kumwita.

Jumapili, 6 Oktoba. Jua asubuhi, mvua baadaye.

Iestyn hakupiga. Mwaka wa kwanza baada ya baba yake kufa alipiga kila Jumapili, saa saba, kama dawa. Tangu Pasaka ameanza kuruka. Simlaumu. Ana kazi, ana mkewe Bethan, wana nyumba mpya yenye jikoni isiyo na mlango. Nilikula viazi na kondoo, nikaosha sahani moja.

Ijumaa, 11 Oktoba. Mvua ya mshazari, upepo mkali.

Barua ya benki. Wamenikatalia kadi.

Nilishuka Bangor kuuliza. Kijana wa dirishani, Osian, nilishampakulia maharage alipokuwa na miaka sita. Aliniita Anti, akajuta, akaniita Bi Prosser.

"Si kwamba una rekodi mbaya," akasema. "Huna rekodi kabisa. Umeme ulikuwa kwa jina la nani?"

"La Islwyn."

"Mkopo wa nyumba? Simu? Gari?"

"Islwyn, Islwyn, Islwyn."

"Basi ndiyo hivyo. Mfumo haukujui. Kama ungewahi kukopa ukalipa, ungekupenda."

Kwa hiyo kutodaiwa maisha yangu yote ndiyo kosa. Nilitaka kucheka, lakini ndani ya basi, kwenye kiti cha nyuma ya dereva, nililia. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na hakuna kompyuta inayojua nilikuwepo. Nilimpigia Iestyn. Hakupokea. Nikampigia tena.

Alirudisha simu jioni akiwa garini.

"Mama, ungesema mapema. Nitakuongeza kwenye kadi yangu. Utapata kadi yenye jina lako, deni linakuja kwangu, kila mwisho wa mwezi wewe unanitumia ulichotumia. Basi."

"Osian anasema ovadrafti ya wanafunzi naweza kupata. Bila riba."

"Ovadrafti ya nini? Hiyo ni ya watoto wanaokunywa. Afadhali kadi. Na kwangu mimi ni rahisi, ukiitumia simu yangu inalia, nakuona. Ila ni ya dharura tu, sawa Mama?"

"Ya dharura."

"Haya, naingia kwenye handaki."

Kati ya ofisi yake na nyumbani kwake hakuna handaki.

Alhamisi, 17 Oktoba. Ukungu.

Kadi imefika. Imeandikwa MRS E PROSSER, na herufi zimeinuka, nimezipapasa. Nimeiweka nyuma ya picha ya Islwyn.

Jumatatu, 21 Oktoba. Bangor. Dhoruba.

Basi la saa tisa halikuja, la saa kumi halikuja. Mwavuli ulipinduka ukavunjika mbele ya maktaba. Nililowa hadi kwenye sidiria. Nikaingia dukani, nikanunua mwavuli mpya, pauni tisa, na kwa kuwa pochi ilikuwa na sarafu tu, nikatumia kadi. Nikahesabu kuwa hiyo ni dharura.

Kabla sijafika kituoni simu ikalia.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama. Nimenunua mwavuli."

"Nimeona jina la duka nikashtuka. Hali ya hewa ikoje huko?"

Tukaongea dakika kumi na moja. Juu ya mvua, juu ya bosi wake, juu ya Bethan anayetaka mbwa. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nilisimama chini ya mwavuli wa pauni tisa hadi basi likaja, na ningependa lingechelewa zaidi.

Ijumaa, 25 Oktoba. Mvua.

Nimenunua sabuni. Ya lavenda, pauni moja na senti ishirini na tano. Pochi ilikuwa na pauni arobaini.

Simu ililia baada ya dakika nne. Nilimwambia ni sabuni tu, mashine ya duka imekataa sarafu. Tukaongea dakika tisa.

Jumapili, 27 Oktoba. Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Giza mapema.

Iestyn hakupiga, lakini haikuniuma sana.

Jumanne, 29 Oktoba. Manyunyu.

Sabuni. Dakika saba.

Ijumaa, 1 Novemba. Baridi, kukavu.

Sabuni na chumvi. Dakika tatu. "Mama, huko hakuna wanaopokea pesa taslimu siku hizi?" Nikasema dunia inabadilika.

Naandika humu ukweli kwa sababu Dakta Haworth anasisitiza. Mimi ni mwanamke mzima, mzee wa kanisa, na nimekuwa nikinunua sabuni ili mwanangu anipigie simu. Najua si haki. Najua pia kwamba nikisikia sauti yake inayofanana na ya baba yake ikisema "Mama, uko salama?", jioni yote inakuwa nyepesi, hata naweza kusoma juu ya madini ya chuma. Keziah ameniuliza kwa nini naangalia simu kila nikitoka dukani. Nikamwambia ashughulike na krispi zake.

Jumanne, 5 Novemba. Fataki kila mahali, moshi.

Sabuni. Hakupiga. Alituma ujumbe: *Sabuni tena?* na picha ya kiputo.

Ijumaa, 8 Novemba. Mvua.

Sabuni. Picha ya kidole gumba.

Jumatatu, 11 Novemba. Mvua.

Sabuni. Hakuna kitu.

Jumanne, 12 Novemba. Mvua.

Sabuni mbili, na mshumaa wa pauni sita ambao sina haja nao. Nilikaa na simu kwenye magoti hadi taarifa ya habari ikaisha. Labda ameizima isilie. Labda Bethan amemwambia mama yako anakuchezea. Nimejisikia vibaya kama mtoto aliyeita zima moto kwa mchezo. Halafu nikakasirika. Kwa hiyo mama akinunua mshumaa wa pauni sita hakuna wa kuuliza anaombea nini.

Ijumaa, 15 Novemba. Bethesda. Theluji juu ya milima, mvua chini.

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Baada ya wiki mbili darasa linakwenda kisiwa cha Anglesey siku tatu kusoma mawe ya pwani. Kila mtu lazima awe na buti za kweli, nyundo ya jiolojia na kofia ngumu. Sisi sita tulikwenda pamoja duka la vifaa vya mlimani baada ya maabara. Ilikuwa mara ya kwanza kualikwa mahali. Keziah alisema tu, "Eluned, twende," na nikaenda. Tangu Islwyn afe hakuna aliyeniita kwa jina langu bila kuweka kitu mbele yake, ila Nerys, na Nerys huwa anadai sukari.

Nilichagua buti zilizonishika vizuri kifundoni. Nikachagua kofia, kisha nyundo. Nikaishika nikaona uzito wake umekaa sawa, nikafikiri Islwyn angefurahi, angeichukua mkononi mwangu akaniambia namna ya kusimama. Jumla pauni mia moja sabini na sita. Hela za muhula zingeingia Jumatatu. Hii, nilijiambia, ni dharura halali ya kwanza tangu mwavuli.

Nikaweka kadi. Mashine ikakataa. Nikaweka tena, ikakataa. Mwenye duka akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini dukani husikika kuliko ya juu, "Wameifunga, mama. Inasema nipigie benki."

Simu yangu ikalia hapo hapo. Iestyn, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu.

"Mama, sikiliza, usishtuke. Kuna mtu ameiba kadi yako."

"Hakuna aliyeiba."

"Mama, benki wamenitumia ujumbe sasa hivi. Kuna mtu yuko duka la vifaa vya mlimani, anajaribu kutumia pauni mia na sabini na kitu. Wameniuliza kama ni sisi, nimebonyeza hapana. Angalia pochi yako."

"Ni mimi, Iestyn. Nanunua buti na nyundo."

Nilisikia watu wa ofisini kwake wakicheka jambo lao.

"Wewe ununue nyundo ya nini?"

"Ya kuvunjia mawe. Ninasoma jiolojia."

"Si ulisema ni historia? Ya eneo hili, machimbo, mambo hayo."

"Sijawahi kusema historia."

"Mama, naapa..."

"Nimesema jiolojia tangu Aprili. Nilikuonyesha barua. Ulisema hongera."

Nilikata simu mimi. Sijawahi kumkatia mwanangu simu. Wenzangu walikuwa wanatazama kamba na vishikizo vya kupandia kwa bidii, kama vile ndivyo walivyovifuata. Benki ilipoona mtu ananunua nyundo ilimuuliza mwanangu, je, huyu ni mama yako? Na mwanangu, bila kusita, akajibu hapana. Hilo ndilo lililonichoma, si kadi. Sabuni alinitambua. Nyundo hakunitambua.

Keziah alinisogelea akanionyesha simu yake. Imeandikwa: *unaweza kutumia pauni 212*.

"Unaona hii? Nilidhani ni yangu. Wanajumlisha na ovadrafti humo humo, hawakuambii. Oktoba yote nilijiona tajiri. Kumbe nina madeni ya mia mbili themanini na nane." Akalamba chumvi ya krispi kidoleni. "Nitakulipia hiyo nyundo. Hela zenyewe si zangu, zisikutishe."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakuja kula kwako."

Nilikataa, lakini nililazimika kutoka nje kupenga kamasi. Miezi miwili nimemwandika humu kuwa ni mla krispi. Penseli yangu alinirudishia jana pia, ameitafuna mwisho.

Jumamosi, 16 Novemba. Barafu barabarani.

Iestyn amepiga mara mbili. Sikupokea. Ameacha ujumbe: amezungumza na benki, kadi mpya itakuja kwa posta, samahani sana, alikuwa kwenye mkutano, nyundo ni wazo zuri. Wazo zuri. Kama vile ni keki.

Jumatatu, 18 Novemba. Bangor. Mawingu.

Osian amenifungulia akaunti ya mwanafunzi. Ovadrafti pauni mia tano, bila riba hadi nihitimu. Nilimwambia aniandikie kwenye karatasi zipi ni zangu na zipi ni zao, kwa kalamu mbili tofauti. Akafanya hivyo.

"Na nikitumia," nikauliza, "simu ya nani inalia?"

"Ya kwako tu, Bi Prosser."

Nilinunua buti, nyundo na kofia. Hela za muhula zimetosha, za benki sijazigusa. Simu yangu ililia yenyewe mfukoni mwangu: *umetumia pauni 176*. Nikajiambia, ndiyo, ni mimi.

Jumatano, 20 Novemba. Theluji nyepesi.

Kadi mpya imefika. Nimeiweka nyuma ya picha bila kuitoa kwenye bahasha.

Jumapili, 24 Novemba. Dhoruba, miti miwili imeanguka.

Iestyn hakupiga. Keziah amekuja, amekula sahani tatu za mchuzi wa kondoo, amelala kwenye kochi na soksi zangu. Alipoondoka nyumba ilikuwa kubwa kuliko asubuhi.

Jumatano, 27 Novemba. Mvua.

Nimefungasha. Katika duka la Spar nilisimama mbele ya sabuni kwa muda. Sikununua.

Jumamosi, 30 Novemba. Anglesey. Upepo wa kaskazini, jua, baridi inayouma meno.

Hakuna mtandao hosteli hii, na simu yangu ilizama jana kwenye kidimbwi cha maji ya bahari nilipoinama kupima tabaka. Keziah ameiweka ndani ya mchele ikauke. Dakta Haworth alitusimamisha mbele ya jabali la kijani na zambarau lililojikunja kama blanketi, akauliza nani anajua ni nini. Nilijua. Islwyn aliniletea la namna hiyo mwaka aliozaliwa Iestyn. Nikasema jina lake, na tabaka lake, na takriban umri wake. Dakta Haworth akasema, "Sahihi," akaendelea mbele. Nilibaki nyuma kidogo na nyundo yangu. Sijafurahi hivi tangu kabla ya mazishi, na sikuwa na mtu wa kumpigia.

Jumatatu, 2 Desemba. Bethesda. Ukungu, hakuna upepo.

Basi la chuo lilinishusha jana jioni juu ya kilima. Nikateremka na begi na buti zenye matope. Gari la Iestyn lilikuwa mbele ya mlango wangu, magurudumu mawili juu ya njia ya miguu, na Nerys amesimama na gauni la kulalia na koti, anapunga mkono.

"Yuko hai," Nerys akapaza sauti ndani. "Iestyn, yuko hai, ana nyundo."

Mwanangu alitoka. Hakuwa amenyoa. Amevaa viatu vya ofisini, na kutoka Cardiff ni saa nne na nusu barabara ikiwa nzuri.

"Ulikuwa wapi?"

"Anglesey. Kwa masomo. Simu imelowa."

"Nimepiga tangu Ijumaa. Nimempigia Nerys, hapokei."

"Nilikuwa Rhyl kwa dada yangu," Nerys akasema. "Mimi pia nina maisha."

"Siku kumi na moja, Mama." Akanipokea begi. "Kadi ina siku kumi na moja, hakuna kitu. Hata sabuni."

Sikumwelewa. Nikamwambia aingie, anawe, nitaweka chai. Akapanda juu. Nikasikia anafungua kabati la bafuni. Nikajua amekuta nini. Zilikuwa nane, nilizipanga kama matofali, za lavenda zote.

Alishuka ameshika moja kila mkono.

"Mama, hizi ni za nini?"

Nilikuwa nimechoka kusema uongo, na miguu ilikuwa inaniuma.

"Za kukufanya unipigie simu."

Alikaa kwenye kiti cha baba yake. Aliziweka zile sabuni mezani, akazinyoosha zikae sawasawa.

"Niliizima isilie," akasema. "Bosi alikuwa ananitazama. Lakini nilikuwa naangalia kila jioni kabla ya kulala. Nikiona sabuni najua umetoka nje, umepanda basi, uko mzima. Ndiyo nikawa sipigi, Mama. Nilikuwa nimeshakuona."

Kumbe mimi nilikuwa naita, na yeye alikuwa anasikia kwamba niko sawa. Nililia, naye akalia, na Nerys akatokea mlangoni kuuliza kama kuna mtu anataka biskuti.

Baadaye, mkate wa zabibu ulipoisha, alisimama dirishani. Akachukua jiwe moja, la kijani lenye mshipa wa zambarau, akaligeuzageuza.

"Hili linaitwaje?"

Nikamwambia. Akauliza la pili. Tukafika hadi la mwisho, na mawili sikuyajua, nikakiri siyajui. Aliniomba nimwonyeshe nyundo. Akaipima mkononi.

"Ningebonyeza ndiyo," akasema. "Kama ningejua."

Ameondoka leo alfajiri. Ovadrafti itabaki kuwa ya dharura, na dharura nitaamua mimi ni ipi. Ile kadi nimeitoa kwenye bahasha.

Jumapili, 8 Desemba. Mvua, upepo wa kusini-magharibi.

Iestyn alipiga saa saba. Bethan amepata mbwa.

Alhamisi, 12 Desemba. Bangor. Jua, baridi. Siku ya mwisho ya muhula.

Sabuni moja kwa kadi, pauni 1.25. Dakika nne.